Jinsi ya kusoma namba za damu za mgonjwa wa kansa ya koo la chakula, kabla na baada ya operesheni

Kama mzazi au ndugu yako amepangiwa operesheni ya kutoa koo la chakula kwa ajili ya kansa, au ameshafanyiwa na sasa anaenda kliniki, najua hapo nyumbani kuna bahasha imejaa karatasi za maabara na hakuna aliyekaa akawaeleza zinasema nini. Mi nafanya kazi maabara, na shangazi yangu amepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo naandika kama mtu wa maabara na kama mtu wa familia. Huu ugonjwa ni wetu kabisa, ukanda wake unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka kule Eastern Cape Afrika Kusini, na upande wa Bomet kule Kenya wamepata hadi vijana wa chini ya miaka 30.

Kwanza elewa kwa nini damu inahusika. Kansa ikikaa mahali mwili unaitikia kama vile kuna kidonda kisichopona, moto wa ndani usiozima, wataalamu wanaita inflamesheni. Ini linaanza kutengeneza kwa wingi CRP, protini inayopanda moto ukiwaka, na kupunguza albumini, protini kuu ya kwenye damu, halafu kwenye chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili zinaongezeka na aina ya limfosaiti zinapungua. Sasa nyutrofili zikizidi zinaisaidia kansa, maana zinamwaga vitu vinavyochochea mishipa mipya ya damu na kuipa nafasi ya kusambaa, wakati limfosaiti ndo askari wa kuipiga. Ndio maana tafiti nyingi za China, Japani na Ulaya zimekuta waliokwenda chumba cha operesheni na moto mkubwa kwenye damu, kwa wastani waliishi muda mfupi kuliko waliokwenda moto ukiwa chini. Kwa wastani, shika hilo neno, hamna namba inayomwambia mama yako atakufa lini.

Haya, chukua karatasi ya FBP, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ile damu inayowekwa kwenye chupa ya kizibo cha zambarau. Tafuta mstari wa NEU (nyutrofili) na mstari wa LYM (limfosaiti), gawanya ya kwanza kwa ya pili, basi. Nyutrofili 5.6, limfosaiti 1.6, unapata 3.5. Ukitumia asilimia badala ya namba kamili jibu ni lile lile, ila usichanganye, asilimia kwa asilimia. Halafu PLT, yaani chembe sahani zinazogandisha damu, nayo igawanye kwa limfosaiti, kama ni 412 kwa 1.6 unapata kama 257. Hiyo ya pili mi naipa uzito mdogo, maana chembe sahani zinapanda hata kwa upungufu wa madini ya chuma na wagonjwa wetu wengi wanafika wamekonda na damu imepungua, na pia damu ikiganda kidogo kwenye chupa mashine inazihesabu chache kuliko zilivyo.

Karatasi nyingine ni ya CRP na albumini. Hapa angalia kipimo kabla ya kuangalia namba, maana maabara moja inaandika mg/L na nyingine mg/dL, CRP ya 1.8 kwa mg/dL ni 18 kwa mg/L, na albumini ya 3.2 kwa g/dL ni 32 kwa g/L. Nimeshaona familia inasherehekea CRP imeshuka kutoka 18 mpaka 2 kumbe wamebadilisha maabara tu na mgonjwa yuko vile vile! Ukishaweka sawa kwa mg/L na g/L, kuna alama rahisi iliyotoka Glasgow kule Uskochi, ikipanda ndo moto mkubwa zaidi: CRP 10 au chini yake alama 0, CRP juu ya 10 lakini albumini ni 35 na kuendelea alama 1, CRP juu ya 10 na albumini chini ya 35 alama 2. Shangazi alianza na 2.

Sasa kuna jambo naomba ulisome taratibu. Ukitafuta mtandaoni utakuta wanasema mgawanyo wa nyutrofili na limfosaiti ukipita 3 ni mbaya, wengine 2, wengine 5, kila utafiti una mpaka wake kulingana na watu waliopimwa. Na wengi wa waliopimwa sio sisi. Watu wengi wa kusini mwa Sahara tumerithi kitu kinachohusu kundi la damu la Duffy, kinatukinga na malaria ya aina ya vivax, na hicho hicho kinafanya nyutrofili zetu ziwe chache kwenye damu hata mtu akiwa mzima wa afya, kwa hiyo kwetu mtu asiye na ugonjwa wowote anaweza kuwa na mgawanyo wa 1 au chini ya hapo. Ina maana 2.5 ambayo Mchina ataambiwa ni salama, kwa mtu wa Rombo inaweza kuwa imeshapanda. Kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe. Ukiwa na FBP yoyote ya zamani kabla hajaugua, ya bima, ya ujauzito, ya kuchangia damu, itafute, hiyo ni dhahabu.

Chukua daftari moja, kila ukurasa tarehe, NEU, LYM, mgawanyo, PLT, CRP, albumini, kilo za mwili, na safu ya mwisho andika alikuwa na nini siku hiyo. Hiyo safu ya mwisho ndo wengi wanaiacha na ndo inayoharibu kila kitu. Malaria, UTI, jino bovu, kifua, vyote vinapandisha. Na dawa. Shangazi alikuwa anapewa dozi za dripu za dawa za kansa na mionzi kabla ya operesheni, ule mpango uliotokana na utafiti wa Uholanzi uliotoka 2012 ambao waliopewa dawa na mionzi kabla ya kisu nusu yao walifikisha miezi 49 dhidi ya miezi 24 kwa waliokatwa tu. Siku moja karatasi ikaja nyutrofili 10.8 limfosaiti 1.2, nikagawanya nikapata 9, nikampigia baba, nyumba nzima ililia usiku ule. Nakaa maabara miaka yote hiyo lakini akili ya ndugu sio akili ya kazini, nilisahau kabisa kwamba jana yake alichomwa deksamethasoni kabla ya dawa ya kansa iitwayo paklitakseli, na deksamethasoni inapandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya masaa. Sindano za kupandisha chembe nyeupe nazo zinafanya hivo, na mionzi inaweza kushikilia limfosaiti chini kwa wiki nyingi. Kwa hiyo namba za kulinganisha ni zile za kabla ya dozi ya kwanza, halafu za wiki ya operesheni, basi, hizo za katikati ziandike ila usizilie.

Baada ya operesheni mambo yanabadilika, na hapa CRP ndo mfalme. Wamemfungua kifua na tumbo, wamevuta mfuko wa chakula juu wakauunga, lazima mwili uwake, kwa hiyo siku ya pili na ya tatu CRP kupita 150 hata 200 sio ajabu, usipige kelele. Unachotaka kuona ni kuanzia siku ya nne au ya tano inateremka, maana CRP inapungua nusu kila masaa kama 19 pale chanzo kikizimika. Ikigoma kushuka, au ilishuka ikapanda tena, muulize daktari waziwazi kama mshono hauvuji na kama mapafu yako salama, hasa akiwa na homa, mapigo yanakimbia, pumzi fupi au mpira wa kifuani unatoa maji machafu. Daktari ndo anaamua kama apigwe CT au anyweshwe dawa ya kuonyesha mshono. Kuuliza mapema sio kumfundisha kazi, ukisema "daktari, juzi ilikuwa 140 leo 210" amekuelewa.

Je unaweza kuzishusha hizi namba kabla ya operesheni? Kwa sehemu, na sio kwa kuzikimbiza zenyewe. Usimnunulie dikilofenaki eti CRP ishuke, utaumiza figo na kuficha homa ambayo daktari angetakiwa aione. Albumini pia haipandi kwa mayai peke yake, maana imeshuka kwa sababu ini liko bize na moto, lakini mtu asiyemeza lazima alishwe, kwa hiyo uliza mapema kuhusu mpira wa kulishia tumboni, usisubiri apungue kilo kumi ndo muanze kuhangaika na uji wa lishe usiopita. Tibu jino bovu, apige mswaki asubuhi na jioni bila kukosa maana uchafu wa mdomo ndo unashuka mapafuni baada ya operesheni, sigara aache angalau wiki nne kabla, atembee kila siku, afanye mazoezi ya kuvuta pumzi. Shangazi alifika siku ya kisu akiwa na alama 1 badala ya 2 na kilo mbili zimerudi.

Na ujue nafasi ya hizi namba. Ripoti ya nyama iliyotolewa, kwamba kansa ilikuwa imefika hatua gani, tezi ngapi zilikutwa nayo, kingo za kipande ni safi au la, hiyo inasema zaidi kuliko damu yoyote. Damu inaongezea tu. Usikubali kuondoka bila nakala ya hiyo ripoti.

Akisharudi nyumbani pima FBP, CRP na albumini kila kliniki, maabara ile ile na saa ile ile kama inawezekana, asubuhi, na ya kwanza ya kulinganisha iwe baada ya kidonda kupona kabisa. Miaka miwili ya mwanzo ndo kansa nyingi zinarudi kwa hiyo usilegeze hapo. Mgawanyo ukipanda mara moja, tafuta malaria na UTI, rudia baada ya wiki mbili. Ukikuta bado uko juu na ameanza tena kukwama na ugali au nguo zinampwaya, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke na daftari lake mkononi.