Choo hakishuki: fungua chemba kabla ya kuita gari la majitaka

Kwenye nyumba za Dar es Salaam zisizounganishwa na mtandao wa majitaka, choo kikianza kugoma watu hukimbilia kuita gari la kunyonya. Mara nyingi hela hiyo inapotea bure. Gari linamaliza kilichomo ndani ya tenki, ila haliondoi kizibo kwenye bomba wala halifufui shimo la kunyonyea maji (linalopokea maji ya tenki na kuyaachia ardhini) lililokufa. Tafuta kwanza maji yamesimama wapi.

Choo kimoja kikigoma huku vingine vinashuka, kizibo kiko hapohapo. Vyote vikigoma, au choo kikitoa mapovu ukimwaga maji bafuni, tatizo liko nje.

Hatua ya 1. Vaa glavu za mpira na buti, fungua chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba) iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, kizibo kiko kati yake na nyumba. Ikiwa imejaa, fungua zinazofuata hadi ukute kavu. Kizibo kiko kati ya iliyojaa na iliyo kavu.

Hatua ya 2. Ingiza fito za kuzibulia kutoka chemba kavu kuelekea iliyojaa. Zizungushe kulia tu. Ukizungusha kushoto zinafunguka na kubaki ndani ya bomba, na hapo utachimba. Kaa pembeni, maji yakiachia yanakuja kwa nguvu.

Hatua ya 3. Chemba zote zimejaa? Fungua mfuniko wa tenki, uache wazi nusu saa, pasiwe na sigara wala moto. Usiinamie tundu, na usishuke ndani hata kumwokoa aliyeanguka: gesi ya haidrojeni salfaidi huua uwezo wa pua kunusa, kisha mtu anazimia. Wengi hufa wakimfuata wa kwanza.

Kwa kawaida maji ya tenki hukaa usawa wa bomba la kutokea. Yakiwa hapo na chemba imejaa, tii (kipande cha bomba chenye umbo la T) ya kuingilia imeganda mafuta. Yakipanda juu ya hapo, tazama shimo la kunyonyea: likiwa tupu, tii au bomba la kutokea limeziba, likiwa limejaa, shimo lenyewe ndilo limeshindwa.

Hatua ya 4. Pima tope. Funga taulo jeupe kwenye mti mrefu, ushushe hadi sakafu ya chumba cha kwanza cha tenki, subiri dakika chache, vuta polepole. Sehemu iliyoshika weusi mzito ndiyo tope. Kwenye maji ya kina cha mita 1.5, tope na utando wa juu vikifika sentimita 50 kwa pamoja, sasa ita gari. Simamia kazi: wavuruge tope kwanza. Wakinyonya maji ya juu tu, umelipia maji.

Kinga ni ndogo. Pampa, pedi na mafuta ya kukaangia visiingie kabisa. Tii ya kutokea iwepo na izame kiasi cha sentimita 30 hadi 40. Ikikatika, utando unapita na kuziba kuta za shimo, na shimo likishaziba hivyo kwa kawaida utachimba jingine.

Maswali

*Chumvi au hamira inapunguza kinyesi?*
Hapana. Chumvi nyingi inadhoofisha bakteria wanaokiozesha. Hamira haihitajiki, bakteria wa kutosha wanaingia kila mtu akienda chooni.

*Tumenyonya, wiki mbili baadaye limejaa tena.*
Tenki kujaa hadi bomba la kutokea ni kawaida. Likipita hapo, kagua shimo, kisha sistani (kitenki cha kuflashia choo): weka rangi ya chakula ndani, msiflashi nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, inavuja mchana na usiku.

*Tenki letu ni la plastiki. Tunyonye masika?*
Subirini kama maji ya ardhini yako juu. Tenki tupu linaweza kuelea na kung'oa mabomba. Ikilazimu, lijazeni maji mara tu gari likimaliza.