Kupikia harambee ya mafuriko: sahani 200 bila kuula mchango

Mto Nyando ukivunja kingo, watu wa Uwanda wa Kano huhamia shuleni na makanisani, na sisi wa Kisumu mjini huitana harambee. Mimi ndiye hupewa mwiko. Niliwahi kupikia harambee moja ambayo gharama ya chakula ilikaribia nusu ya pesa zilizochangwa. Wageni walishiba, waliofurikiwa wakapata blanketi za kuhesabika. Tangu siku hiyo nina sharti: chakula kijilipe chenyewe, mchango usiguswe.

Hatua ya 1: Tenga pesa za jikoni kabla hujanunua kitunguu

Fungua daftari la chakula peke yake, na namba yake ya M-Pesa peke yake. Kisha omba vitu, usiombe pesa. Mwenye duka atatoa mchele kwa urahisi kuliko noti, mama mboga atatoa nyanya, mwenye ng'ombe atatoa maziwa. Andika kila kilichotolewa na aliyekitoa.

Uza kuponi za chakula kuanzia wiki moja kabla. Kuponi zilizouzwa ndizo sahani utakazopika, ukiongeza kumi kwa kila mia. Meza ya wakubwa nayo inunue kuponi. Mara ya kwanza nilipolisema hilo kwenye kamati, walinitazama kama niliyemtukana mtu.

Hatua ya 2: Chagua chakula kimoja

Najua, Kisumu bila samaki watu watauliza. Lakini ngege wa kukaanga kwa watu 200 ni mitego mitatu: bei yake hubadilika asubuhi hiyo hiyo pale ufuoni, hakuna wawili walio sawa kwa ukubwa kwa hiyo foleni itagombana, na kila mmoja anataka wake akiwa moto. Pika pilau na kachumbari. Mchele utoke Ahero, huko huko Uwanda wa Kano, ukiweza. Ni mashamba yale yale yanayozama, kwa hiyo pesa ya mchele nayo inawarudia majirani wa waliofurikiwa.

Hatua ya 3: Pilau yenyewe

Kwa sahani 200 mimi hutumia mchele kilo 25, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 20, vitunguu kilo 5, mafuta lita 3, saumu, tangawizi na bizari ya pilau. Wengine huongeza viazi ili ijae. Sikatazi, ila viazi viingie vikiwa vimekaangwa kidogo, la sivyo vitapondeka.

Usipike sufuria moja kubwa. Gawa mbili, kila moja kilo 12 na nusu. Sufuria moja ikiungua, umepoteza sherehe nzima, tena mwiko wenyewe haugeuki humo.

Siku moja kabla, pika nusu kilo ya mchele ule ule. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji kidogo, uliokaa ghalani hunywa zaidi. Nyumbani tumezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Katika sufuria kubwa mvuke haupotei sana, kwa hiyo mimi huanza na kimoja na nusu cha supu, na huweka maji ya moto kando ya kuongezea.

Nyama ichemke kuanzia saa tatu. Vitunguu vikaange polepole mpaka viwe kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau inatoka hapo, na ukivikimbiza vitaungua nje vibaki vibichi ndani. Mchele wa sufuria ya kwanza uingie saa tano na nusu. Supu ikikauka, punguza kuni, funika, weka makaa juu ya mfuniko. Sufuria ya pili ibaki na nyama na supu tu. Mchele wake usiingie mpaka uone watu wamekaa. Mgeni wetu wa heshima aliwahi kufika saa tisa. Pilau yote ilikuwa tayari tangu saa saba, tukaishia kukwangua ukoko. Siku hizi napika kwa saa ya wenye kuponi.

Hatua ya 4: Chai

Lita 50 kwa vikombe 200, nusu maziwa nusu maji, majani nusu kilo. Sukari iwekwe mezani, usiitie sufuriani.

Hatua ya 5: Maji na mikono

Mafuriko na kipindupindu hutembea pamoja, kwa hiyo hapa sina mzaha. Maji ya kunywa yachemshwe na kufunikwa. Ndoo ya bomba na sabuni zikae mwanzoni mwa foleni. Wapishi wawe na cheti cha afya. Nyanya za kachumbari zioshwe kwa maji safi na zikatwe mwisho kabisa. Anayepakua asishike pesa.

Hatua ya 6: Jogoo na keki

Watu wakishashiba, leta mnada. Jogoo mmoja akinunuliwa na kurudishwa mara nne huingiza zaidi ya meza nzima ya kuponi. Pesa hizi ziende kwenye mchango moja kwa moja. Keki iokwe na mtu aliyejitolea.

Hatua ya 7: Kinachobaki

Usipeleke pilau kambini jioni. Ndani ya ndoo iliyofunikwa, mpaka Ahero, kama kilomita 25, wali uliopoa nusu nusu huharibika kabla haujanuka. Kilichokaa nje ya moto zaidi ya saa mbili kisigawiwe mtu. Kambini peleka unga, maharagwe, chumvi na mafuta, pamoja na sufuria na jiko, kwa maana aliyekimbia maji usiku hakubeba chungu.

Kabla watu hawajaondoka, wawili wahesabu kuponi, na daftari la chakula lisomwe kwa sauti. Sufuria za kuazima ziandikwe jina la mwenyewe kwa chaki chini, kabla ya kuwekwa motoni. Zikishaingia masizi zote zinafanana.