Umepokea mwanafunzi kutoka nje? Ongea nae mambo ya kudeti mapema

Kama unakaa na mwanafunzi wa kubadilishana wa miaka 16 au 17, maongezi ya boifrendi na gelfrendi yafanye wiki ya kwanza kabisa kabla hajapata mtu, maana akishampata kila utakachosema ataona unamsema huyo mtu wake.

Kabla ya hapo mpigie mratibu wa programu iliyomleta, uliza sheria zao zinasemaje na wazazi wake kule kwao wameruhusu nini. Wewe unaweza kukaza zaidi, kulegeza za kwao huwezi.

Halafu muda wa kurudi, hapa naomba mnisikilize vizuri. Wa kwangu alikuwa binti kutoka Ujerumani, nikamwambia mwisho saa kumi na mbili na nusu uwe ndani, akaitikia vizuri tu "sawa mama", kumbe kichwani kwake ni saa sita na nusu usiku! Giza limeingia mimi nimesimama getini hapa Soweto Moshi na tochi ya simu, kila bodaboda inayokata kona najua ndo yeye, presha juu. Saa mbili huyo anashuka anacheka, kaniletea na chipsi kuku kwenye mfuko, yeye anajua kawahi sana. Ningemgombezaje? Kwa hiyo andika kwenye karatasi 18:30 na umwambie jua likizama uwe nyumbani, ibandike jikoni, na binti yako au kijana wako wa umri huo afuate hiyohiyo, la sivyo mgeni ataona anabaguliwa au wako ataanza kununa.

Mweleze na maana ya vitu huku kwetu. Kwao kumleta kijana nyumbani inaweza kuwa jambo la kawaida, ila huku Uchaggani kijana akiingia akasalimia wazee wapo watakaoanza kuwaza mbege, pombe yetu ya ndizi, ya mahari. Mimi nilisema aje, tena napenda nimwone sura, ila anakuja kama rafiki, anakaa sebuleni au barazani, chumbani hapana hata mlango ukiwa wazi. Wakitaka kwenda chemchemi ya Chemka kuogelea waende kundi, mchana, na dereva tunayemjua.

La sheria usilizungukezunguke. Tanzania mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na mwanaume akilala na binti wa umri huo ni ubakaji hata kama binti alikubali, kifungo cha mtu mzima ni miaka 30 kwenda juu. Kwa hiyo kaka wa miaka 25 anayemtumia meseji usiku hatuiti deti, unampigia mratibu siku hiyohiyo.

Picha za mwili asitume kwa yeyote, na akiombwa hela na "mpenzi" akuambie.

Akikosea mpunguzie matembezi wikiendi mbili hivi, lakini usimfungie pasipoti wala kumkataza kuongea na mama yake. Na mwambie kwa maneno kabisa kwamba akikwama popote, saa yoyote, hata kama kavunja sheria zote, apige simu utamfuata na maswali yatasubiri kesho. Akilazimishwa na mtu, usianze kumuuliza alivaa nini, mpeleke hospitali haraka kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na dawati la jinsia polisi wapo.

Namba yako aikariri kichwani, simu zinaisha chaji.