SOMO: Kabla hujaiweka tovuti kwenye risechi yako, toka kwanza nje yake

Wakuu, kila msimu wa risechi swali ni lilelile, "hii saiti naweza kuitumia?" Nimechoka kujibu mmojammoja, naandika hapa mara moja.

1. Angalia nani kaandika. Hamna jina wala taasisi, achana nayo.

2. Angalia tarehe. Ukikuta "Tanzania ina watu milioni 45" ujue hiyo ni sensa ya 2012. Ya 2022 ni 61,741,120, na hiyo uitoe NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wenyewe sio kwa blogu.

3. TOKA NJE YA TOVUTI. Hapa ndo wengi wanapigwa. Mtu anafungua "Kuhusu Sisi", anaona nembo nzuri, anaona anwani inaishia .org, karidhika. Sasa hiyo "Kuhusu Sisi" si kaandika mwenye saiti, atajisema vibaya? Na .org ananunua yeyote. Kulikuwa na martinlutherking.org, miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Stormfront, wabaguzi wa rangi wa Marekani, imepangwa kama ya kusaidia wanafunzi kumbe kazi yake kumchafua Martin Luther King, yule mpigania haki za Wamarekani weusi. Ungekaa humohumo ndani usingejua, ila ukifungua tab nyingine kwenye brauza ukaandika jina la saiti na kusoma wengine wanasemaje, dakika mbili umeshawajua. Wineburg na McGrew, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford Marekani, waliliandikia hili 2017, waliwapa tovuti wanahistoria wenye PhD, wanafunzi wa Stanford na wahakiki wa habari. Wahakiki ndo waliowahi na kupatia, sababu walitoka nje mapema, wengine walibaki kusoma juu mpaka chini na wengi wakadanganywa na nembo.

Tahadhari: saiti kumi kusema kitu kimoja sio ushahidi kumi. Chukua sentensi moja, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute Google. Ikijirudia neno kwa neno, wamekopiana, tafuta ya kwanza.

4. Takwimu fuata mpaka kwa aliyehesabu.

MASWALI

Mdau: Kwa hiyo mkuu .org ndo nzuri eeh?
Jibu: Rudi namba 3.

Mdau: Wikipedia je? Supavaiza wangu hataki hata kuisikia.
Jibu: Swali zuri dada. Usiinukuu, itumie kama mlango. Shuka chini kwenye marejeo, fungua kitabu au makala yenyewe, soma, halafu unukuu hiyo. Pita na ukurasa wa mjadala, humo utaona wanabishania nini.

Mdau: ChatGPT imenipa marejeo 15 naweka tu au?
Jibu: Umefungua hata moja?
Mdau: Bando mkuu, usiwe mkali.
Jibu: Sio ukali, ile kitu inatunga makala ambazo hazipo, jina la profesa la kweli makala ya uongo. Tafuta kila kichwa. Usipokiona popote, futa.

Mdau: Na majarida ya mtandaoni yanayodai hela, wanachapisha ndani ya siku 3?
Jibu: Siku 3 hakuna aliyesoma kazi yako hapo kaka. Ila kulipia peke yake sio utapeli, yapo ya maana yanalipisha. Angalia kama jarida lipo DOAJ, orodha ya majarida ya kusoma bure mtandaoni yaliyokaguliwa. Kwa ya Afrika ingia AJOL (African Journals Online), wapo tangu 1998, hata makala za Kiswahili zimo.

Mdau mwingine: Naongezea, saiti ikifa kabla ya kudifendi bandika linki yake Wayback Machine, saiti inayotunza nakala za kurasa za zamani, mara nyingi ipo.
Jibu: Kweli kabisa, na mkiona ukurasa wa maana uhifadhini humo siku hiyohiyo, linki ya nakala muiweke kwenye marejeo pamoja na tarehe mliyoufungua.