Ukitembelea kijiji kidogo cha bandari, anza na jedwali la maji

Kijiji kidogo cha pwani huendeshwa na maji. Yakijaa, mashua huingia na kutoka. Yakipwa, bandari yenye kina kifupi inaweza kubaki tope tupu na mashua zikalala ubavu, huku ufuo uliokuwa na upana wa hatua kumi ukigeuka uwanja. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba au usafiri, jua maji yatakuwa wapi siku utakayofika.

Tafuta jedwali la kupwa na kujaa. Vijiji vingi havina la kwao. Utapata la bandari kubwa iliyo jirani, pamoja na dakika za kuongeza au kupunguza. Soma saa zake kwa makini, maana hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapokosea. Jedwali likisema 08:10, hiyo ni saa mbili na dakika 10 asubuhi. Ukiichukua kama saa nane mchana, umekosea kwa saa sita, na saa sita ni karibu muda uleule ambao maji huchukua kutoka kujaa hadi kupwa. Utafika ukute kinyume kabisa cha ulichopangia. Kosa la pili ni kudhani zile mita zilizoandikwa ni kina cha maji. Sivyo. Ni kimo cha maji juu ya usawa maalumu uliowekwa karibu na kiwango cha chini kabisa cha kupwa, hivyo mita 0.4 haikwambii kina cha pale unapotaka kuogelea.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye kuliko leo. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu huja bamvua: maji hupanda juu sana na kupwa mbali sana. Kama nia yako ni kutembea juu ya miamba na kutazama vidimbwi, njoo siku hizo. Kama unakuja na watoto kuogelea, siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, zina mikondo tulivu zaidi. Bahari iliyofungika kama Mediterania ni tofauti. Huko kupwa na kujaa ni kwa kiasi kidogo tu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja, na hili ndilo linalowanasa wageni. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa mbili za katikati peke yake huleta mita 1.5. Maji yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu yamefika shingoni mwa mtu mzima. Ukitaka kwenda hadi rasi, pango au kisiwa kinachofikika kwa miguu, ondoka saa moja au mbili kabla ya mwisho wa kupwa, na geuka maji yanapoanza kurudi, hata kama umebakiza kidogo kufika. Usiangalie mbele tu: vijito vilivyo nyuma yako hujaa kabla ya mchanga uliosimama juu yake.

Pa kuweka vitu au gari, uliza mchanga wenyewe. Utaona mstari wa mwani mkavu, vijiti na maganda: hapo ndipo maji yalipoishia mara ya mwisho. Ikiwa iko mistari miwili, ule wa juu huwa umeachwa na bamvua au dhoruba. Kaa juu ya huo. Usiegeshe gari kwenye mteremko wa kushushia mashua; unazuia kazi za watu, na maji yatalifikia.

Gatini tembea ukitazama chini. Ngazi na mteremko vina mpaka unaoonekana wazi: juu saruji kavu, chini utelezi wa kijani unaolowa kila maji yakijaa. Unateleza pale rangi inapobadilika, basi usishuke hapo bila sababu. Kamba iliyolegea hukazwa ghafla mashua inaposukumwa na wimbi. Usiiruke, usisimame ndani ya mzingo wake. Wala usiogelee ndani ya bandari, maana nahodha anayeingia haoni kichwa cha mtu majini. Ukipanda mashua ya matembezi, hesabu majaketi ya kujiokolea kabla ya kuketi, na muulize nahodha mtarudi kabla maji hayajapungua kiasi gani.

Ufuoni, pale mawimbi yasipovunjika kati ya mawimbi yanayovunjika pande zote mbili, panaonekana pametulia. Mara nyingi hapo ndipo mkondo unapotoka kwenda baharini, hasa ukiona povu au mchanga ukielekea nje. Mkondo huo unaweza kufika kasi ya mita 2 kwa sekunde, na hakuna muogeleaji wa kushindana nao kwa muda mrefu. Ukikuchukua, elea, punga mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke ndani yake. Boya la kuchezea nalo usilitoe pakiwa na upepo unaovuma kutoka nchi kavu: maji karibu na ufuo yatakuwa shwari, na boya litaondoka na mtoto.

Kwenye mchanga wenye maji machache, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Akikuchoma mguuni, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu asiyechomwa ayapime kwanza, maana maumivu yanaweza kukufanya usihisi kwamba unaungua. Kisha mwone daktari, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe. Mpeleke mtu hospitali nao ukiwa palepale.