Kupunguza Mikwaju: Mwongozo kwa Mchezaji wa Gofu wa Ridhaa Aliyeko Dodoma

Mchezaji wa gofu wa ridhaa anayeishi Dodoma ana shida ambayo mwenzake wa pwani haijui sana: viwanja vinavyofahamika zaidi nchini, kama vile Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo, Gymkhana ya Arusha na vile vya Moshi, viko mbali naye, na hata Morogoro, iliyosogea karibu tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, bado inahitaji siku nzima ya mapumziko. Mtu anayecheza mara chache kwa namna hiyo akijaribu kuubomoa na kuujenga upya mtindo wake wa kupiga, mara nyingi huishia kupoteza hata kile alichokuwa nacho. Njia yenye faida kwake ni kuziba mianya inayovujisha mikwaju, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika uani kwake au katika eneo lolote la wazi.

Jua mikwaju inapotelea

Katika uwanja wa mashimo 18 wenye pari ya 72, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, mchezaji anayetumia mkwaju mmoja zaidi ya pari katika mashimo tisa, na miwili zaidi katika mashimo tisa yaliyobaki, humaliza kwa mikwaju 99. Hajapata pari hata moja, lakini amevuka kizuizi cha 100 ambacho wengi hukihangaikia kwa miaka. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba anayerudi na 108 hakosi mikwaju ya kifahari, bali ana mashimo matatu au manne aliyoyamaliza kwa nane au tisa, na humo ndimo alimozama.

Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha chochote, chora safu tatu pembeni mwa kadi yako ya matokeo. Katika ya kwanza, andika kila mkwaju wa adhabu, uwe wa mpira uliopotea, uliotoka nje ya mpaka au ulioingia majini. Katika ya pili, weka alama kila unapopiga ukiwa karibu na grini, eneo la majani mafupi lenye shimo, na mpira ukashindwa kupanda juu yake. Katika ya tatu, weka alama kila unapotumia misukumo mitatu au zaidi ukiwa juu ya grini. Baada ya raundi nne au tano, safu moja itakuwa imezizidi nyingine, na hiyo ndiyo itakayokwambia ufanye mazoezi ya nini. Wengi huishi kwa kudhani: huulaumu msukumo wa mwisho kwa sababu ndio wanaoukumbuka, ilhali shimo liliharibika tangu mpira wa kwanza ulipokwenda vichakani.

Dhana hiyo ina umri mrefu, nayo imepimwa. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, alichambua idadi kubwa ya mikwaju na kuonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wachezaji wa kawaida hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka umbali wa zaidi ya yadi 100, yaani kama mita 91 kutoka shimoni. Maana yake si kwamba michezo ya karibu na grini ipuuzwe, bali kwamba usitarajie fimbo ya kusukumia ifidie mpira wa kwanza unaopotea kila baada ya mashimo matatu.

Mpira wa kwanza

Hapa ndipo kiburi hugharimu zaidi. Chukua shimo la pari 4 lenye urefu wa mita 360. Mchezaji anayefikisha mita 120 kwa fimbo namba 7 anaweza kupiga namba 7 mara tatu akafika kwenye grini, akasukuma mara mbili na kuandika tano. Akichomoa draiva, fimbo ndefu kuliko zote, na kuutupa mpira nje ya mpaka, anarudi pale pale alipopigia na mkwaju unaofuata unahesabiwa wa tatu, wakati hata hatua moja mbele hajaenda. Sisemi draiva ifungiwe nyumbani. Itumike pale penye nafasi pande zote mbili, na penye miti au mpaka wa karibu ichukuliwe fimbo ambayo mpigaji anaiamini hata siku mbaya.

Jambo jingine la mpira wa kwanza ni mahali pa kusimama. Ikiwa hatari iko kulia, weka kijiti cha kukalishia mpira upande wa kulia wa eneo la kuanzia kisha uelekee kushoto, kwani kutoka hapo unakuwa umeipa mgongo hatari na upana wote wa uwanja uko mbele yako.

Pima umbali wa fimbo zako

Waulize wachezaji kumi wa ridhaa namba 7 yao inafika wapi, na wengi watakutajia mkwaju bora waliowahi kuupiga maishani. Ndiyo sababu mipira yao mingi huishia mbele ya grini, penye mchanga na majani marefu, badala ya kupita. Dodoma ina nafasi ya kulitibu hili, kwa kuwa ardhi yake ni tambarare katika maeneo mengi na ya wazi. Tafuta uwanda ambao umeruhusiwa kuutumia, hakikisha hakuna watu wala mifugo inayochungwa mbele yako, kisha piga mipira kumi kwa fimbo moja. Mwenzako asimame pembeni, mbali na mstari wa mpira, na aangalie vumbi linaporuka, kwa maana hapo ndipo mpira ulipotua. Unaposimama baada ya kubingirika ni habari nyingine kabisa, hasa mwezi wa Agosti ambapo udongo umekauka na mpira hukimbia kama uliopigwa juu ya saruji. Hesabu hatua ndefu hadi kwenye alama za vumbi, ondoa miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili mifupi zaidi, kisha chukua wastani wa sita iliyobaki. Huo ndio umbali wako wa kweli, na uandike kwenye kikaratasi utakachokitia ndani ya mfuko wa fimbo.

Ukishaupata, kumbuka kwamba ni umbali wa Dodoma. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na mpira husafiri angani kwa takribani asilimia nne zaidi. Mkwaju unaotua mita 150 hapa utapungua kwa mita tano au sita ukiupiga Lugalo au Gymkhana ya Dar es Salaam. Wengi husingizia unyevunyevu wa pwani, lakini kinachofanya kazi hasa ni mwinuko. Unyevu huonekana zaidi ardhini, ambapo mpira hutua na kukwama badala ya kukimbia. Kwa hiyo anayeshuka Dar es Salaam na aongeze fimbo moja pale anaposita kati ya mbili.

Upepo wa kiangazi utokao mashariki nao ni mwalimu mzuri, ilimradi usishindane nao. Upepo wa usoni hukupunguzia umbali mwingi kuliko ule ambao upepo wa mgongoni hukuongezea, na anayejibu kwa kupiga kwa nguvu zaidi huuongezea mpira mzunguko wa kurudi nyuma, ukapanda juu na kuanguka mfupi. Chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili, ishike chini kidogo ya kawaida, na upige kwa utulivu ili mpira ubaki chini.

Karibu na grini, juu ya ardhi kavu

Safu ya pili ya kadi yako hujaa zaidi wakati wa kiangazi, pale majani yanapokuwa haba na mpira unapokaa juu ya udongo mtupu. Wachezaji wengi hapo hutoa weji, fimbo fupi ambayo uso wake umelala sana, ili mpira uruke juu kama walivyoona kwenye televisheni. Ukingo wa chini wa fimbo hiyo, ulio mnene, hugonga udongo mgumu na kudunda, kisha ncha yake huukata mpira tumboni na kuuvusha grini yote hadi upande wa pili.

Penye ardhi tupu na njia isiyo na kizuizi, sukuma kwa fimbo ya kusukumia hata kama uko mita tano nje ya grini. Msukumo mbaya kwa kawaida hukuacha mahali pazuri kuliko weji mbaya. Panapokuwa na majani kidogo ya kuvuka, tumia namba 8. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira uwe karibu na mguu wa kulia, uzito uwe mguu wa kushoto, mikono itangulie kidogo mbele ya mpira, na mwendo uwe ule ule wa kusukuma, bila kukunja vifundo vya mikono. Mpira utaruka kidogo, utatua mita moja ndani ya grini na kubingirika umbali uliobaki.

Zoezi lake halihitaji uwanja. Chora mstari kwa kidole kwenye vumbi la uani, usiweke mpira wowote, na upitishe fimbo ukiangalia jeraha linaloachwa ardhini. Likianza nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma, na ungekuwa na mpira ungeugonga udongo kwanza. Endelea hadi jeraha lianzie juu ya mstari au mbele yake, ndipo uweke mipira. Kisha tandika gunia umbali wa hatua nne au tano na ujifunze kuuangusha mpira juu yake, maana kinacholengwa katika mkwaju huu ni mahali pa kutua, si bendera.

Kuhusu mashimo ya mchanga nitasema machache, kwa kuwa mchezaji wa kiwango hiki anapaswa kuridhika na kutoka kwa mkwaju mmoja. Penye mchanga laini, fungua uso wa weji, gonga mchanga sentimita chache nyuma ya mpira na umalize mwendo wote bila kusita. Penye mchanga mgumu uliokauka au uliogandishwa na mvua, uso wa fimbo usifunguliwe, la sivyo itadunda. Ikiwa ukingo wa mbele ni mrefu, toka kwa pembeni, hata kama utaelekea mbali na bendera.

Juu ya grini

Shimo lina kipenyo cha milimita 108, na hata wachezaji wa kulipwa wa mfululizo wa mashindano ya PGA nchini Marekani hufanikiwa karibu nusu tu ya misukumo yao kutoka umbali wa mita mbili na nusu. Ukikosa kutoka hapo, usijilaumu. Misukumo mitatu huzaliwa na wa kwanza uliokosea umbali, mara chache na ule uliokosea mwelekeo. Ufikapo uwanjani, tenga dakika ishirini, usisukume kwenda shimoni hata mara moja, bali kutoka upande mmoja wa grini ya mazoezi hadi ukingo wa pili, ukijaribu mpira usimame pale majani yanapoanza. Kwa namna hiyo utaijua kasi ya siku hiyo, ambayo hakuna sakafu ya nyumbani iwezayo kukufundisha.

Sakafu ya saruji hufaa kwa mwelekeo. Simamisha vizibo viwili vya soda, nafasi kati yake ikizidi upana wa mpira kwa kidole kimoja, na usukume kutoka hatua mbili. Mpira ukigusa kizibo, uso wa fimbo haukuelekea sawasawa ulikolenga.

Kanuni zinazookoa mikwaju

Tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu. Unapohofia kwamba mpira umepotea au umetoka nje ya mpaka, watangazie wenzako kwamba unapiga mpira wa akiba kabla hujaondoka, vinginevyo utalazimika kurudi ulikotoka. Mpira ukiwa chini ya mgunga, katikati ya miiba, unaweza kuutangaza kuwa hauchezeki: kwa mkwaju mmoja wa adhabu, utaudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kukaribia shimo, au utarudi nyuma kwenye mstari unaouunganisha mpira na shimo, au utarudi ulipopigia mara ya mwisho. Anayeona aibu kulipa mkwaju huo mmoja mara nyingi hulipa mitatu ndani ya kichaka. Waulize pia wenyeji kama klabu yao imeruhusu kanuni ya ndani ya kudondosha mpira karibu na ulipopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili, kwa maana si kila klabu wala kila shindano huitumia.

Mwisho, wasilisha kila kadi inayostahili, nzuri na mbaya. Katika mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020, handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, hutokana na wastani wa matokeo bora nane kati ya ishirini ya karibuni, na shimo lililoharibika kabisa huwekewa kikomo katika hesabu hiyo. Kadi mbaya moja haitakuumiza sana, lakini ukiificha, safu zako tatu zitakosa raundi ambayo ingekuonyesha zaidi pa kuanzia mazoezi ya wiki inayofuata.