Somo: Kuchagua vioo vya pembeni kwa pikipiki ya lami na porini

Wakuu, salaam. Maswali ya saiti mira yamekuwa mengi, leo tulimalize. Somo hili ni la wenye pikipiki ndefu za kwenda kote kote: Yamaha DT125, XTZ125 na AG, Honda XL na XR, na za Kichina zilizoiga umbo hilo. Ndizo anazopanda bwana shamba na mtu wa chanjo: asubuhi yuko kwenye lami na malori, mchana yuko kwenye njia ya ng'ombe.

Wengi wakifika dukani huangalia kioo chenyewe: umbo, rangi, kinavyong'aa. Mimi nasema anza na mkono wa kioo na maungio yake. Kioo cha elfu chache kwenye mkono mzuri kitakutumikia kuliko kioo cha bei mbaya kwenye mkono unaotetemeka.

Hatua ya 1: Jua uzi wa pikipiki yako

Uzi ni yale meno ya bolti ya kioo. Fungua kioo cha zamani, pima bolti. Pikipiki nyingi za Kijapani zina bolti ya milimita 10 yenye hatua ya meno ya 1.25, yaani meno kumi yanachukua milimita 12.5. Rula ya shule inatosha kupimia. Baadhi ya pikipiki ndogo zina bolti ya milimita 8. BMW mara nyingi ni 10 kwa 1.5, na hiyo ukiilazimisha kwenye tundu la 1.25 itaingia mizunguko michache kisha ikwame. Ukiendelea kukaza hapo, tundu umeliua.

Sasa sikilizeni wenye Yamaha. Yamaha nyingi, kioo cha kulia kina uzi wa kinyume: kukifungua unazungusha kuelekea kulia, kukifunga unazungusha kushoto. Si kosa la kiwanda. Tawi likipiga kioo kwa mbele, kioo kinasukumwa nyuma, na kwa uzi huo kule kusukumwa ndiko kunakokilegeza. Kinageuka badala ya kuvunjika au kung'oa tundu. Upande wa kushoto uzi wa kawaida unafanya kazi hiyo hiyo wenyewe. Fundi asiyejua hili hutia spana, akaona hakifunguki, akaongeza bomba la kuvutia. Mwisho wa hadithi mnaujua.

Honda, Suzuki na Kawasaki kwa kawaida ni uzi wa kawaida pande zote mbili. Ukipenda kioo cha Honda kwenye Yamaha yako, nunua adapta ya kugeuza uzi. Ni kipande kidogo cha chuma na bei yake haiumi. Usikubali kutobolewa tundu upya kwa ajili ya kioo.

Hatua ya 2: Chagua mkono

Mkono wa chuma kizima, ule unaokuja na pikipiki, ndio unaotulia kuliko yote kwenye lami. Kama porini unaenda mara moja moja, baki nao. Nasema hivi nikijua wauza vioo hawatafurahi.

Anayeanguka mara kwa mara (na mchanga hauna mkubwa) anahitaji mkono unaokunjika. Kuna wenye kiungo kimoja katikati, na kuna wenye gololi mbili zinazobanwa na mkono mfupi katikati, kama zile Doubletake za Marekani. Za gololi ni ghali, lakini unakilaza kioo ndani ukiingia kwenye vichaka na kukiinua ukitoka, bila spana. Za kiungo kimoja ni nafuu, ila kagua kile kiungo: shika kichwa cha kioo, kitikise kwa nguvu. Kikicheza dukani, barabarani hutaona kitu.

Urefu nao una mambo yake. Mkono mrefu unakupa mwonekano mpana kupita viwiko, lakini kadiri unavyorefuka ndivyo mtetemo unavyozidi kufika kichwani. Tafuta mkono mfupi kabisa unaokuwezesha kuona nyuma ya kiwiko chako.

Vile vioo vya mwisho wa handeli viacheni kwa pikipiki za mjini. Vinatanua pikipiki, ndivyo vinavyogusa chini kwanza ukianguka, na kama umefunga kinga za mikono nafasi yake imeshachukuliwa.

Hatua ya 3: Kagua kioo chenyewe

Chukua kalamu iliyonyooka, ilaze juu ya kioo. Ikilala yote bila kubembea, kioo ni bapa, ikibembea, kimebinuka. Kilichobinuka kinaonyesha eneo pana, lakini gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Porini haina shida. Kwenye barabara kuu, basi linalokuja kasi litakufikia mapema kuliko ulivyodhani, kwa hiyo geuza shingo kabla ya kuhama upande.

Kisha elekeza kioo kwenye fremu ya mlango wa duka na ukisogeze polepole. Mstari wa fremu ukiteleza bila kupinda ghafla, chukua. Ukicheza kama maji, rudisha.

Kwa ukubwa, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 81 inataka kioo cha duara kisipungue kipenyo cha milimita 94. Kilichopasishwa kina herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake. Vile vidogo kama kifuniko cha chupa ni pambo.

Kama pesa ni ya kioo kimoja, Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, wanaotupita wanatokea kulia. Anza na cha kulia.

Hatua ya 4: Funga na urekebishe

Paka grisi kidogo kwenye meno. Zungusha kwa mkono mpaka mwisho, rudisha kidogo kupata uelekeo, kisha kaza nati ya chini (mara nyingi spana namba 14) huku umeshika mkono wa kioo usizunguke. Usikaze kwa hasira. Kwa anayekwenda porini, kipimo ni hiki: upepo usikigeuze, lakini ukikisukuma kwa kiganja kwa nguvu kigeuke.

Kurekebisha usifanye pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Mtu akushikie iwe wima, kaa unavyokaa ukiendesha, na koti lako ulilozoea. Upeo wa barabara uwe katikati ya kioo, na ukingo wa ndani uonyeshe kipande kidogo tu cha bega.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, XL yangu kioo kiko safi hadi kama 60, nikifika 80 naona ukungu mtupu. Nibadilishe?*

Subiri kwanza. Kaza nati, kisha kagua bolti za injini; moja ikilegea, handeli nzima inaimba. Kama yote yamekaza, huo ni mtetemo wa silinda moja uliokutana na uzito wa kioo chako kwenye mzunguko fulani wa injini. Ongeza uzito: bandika kipande cha risasi (ile metali nzito) nyuma ya kichwa cha kioo, au funga vizito vya mwisho wa handeli. Mtetemo utahamia mwendo mwingine. Ukihamia mwendo usioutumia sana, umeshinda.

*Kaka, mimi ni mwanamama, niko Goma. Hilo la kioo cha kulia linanihusu?*

Hapana dada, kwenu ni kinyume. Congo, Rwanda na Burundi mnapita kulia, kwa hiyo kioo chako cha kwanza ni cha kushoto.

*Nikisimama kwenye pegi naona tanki tu na vumbi.*

Kawaida hiyo. Kioo kilichowekwa kwa aliyekaa hakimfai aliyesimama. Wa gololi anakiinua kwa sekunde moja; wewe wa mkono mzima vumilia, ukae kidogo kabla ya kupinda.

*Meno ya tundu la kulia yamekwisha, bolti inazunguka bure. Fundi anataka kutoboa pale pale.*

Mzuie kwanza. Upande wa kulia tundu liko kwenye kishikio cha breki ya mbele, na kama breki yako ni ya mafuta, vumbi la chuma likiingia humo unatafuta balaa. Angalia kama tundu liko kwenye kile kibano cha nyuma kinachoshikwa na bolti mbili. Kama ndivyo, nunua kibano peke yake. Kariakoo Dar au Kirinyaga Road Nairobi hukosi. Kama liko kwenye mwili wa breki wenyewe, funga kibano cha kioo cha milimita 22 moja kwa moja kwenye handeli. Hata handeli nene za milimita 28.6 hurudi kuwa 22 karibu na mshikio, kwa hiyo kitaingia.